Jana Ulisikiliza Nini?

Mwaka 1930 simu zilianza kulia katika nyumba za Wamarekani, na sauti ngeni upande wa pili ikauliza: jana ulisikiliza nini redioni? Mpango huo ulikuwa wa Archibald Crossley, mtafiti wa soko. Wateja wake walikuwa kampuni zilizolipa pesa nyingi kutangaza bidhaa hewani bila kujua kama kuna anayesikia. Gazeti unalihesabu nakala kwa nakala. Zisizonunuliwa zinabaki zikionekana kwa macho. Redio haina nakala. Sauti ikishatoka kwenye mnara imeenda, na aliyeituma hawezi kujua kama imeingia jikoni kwa mtu au imepotelea porini.

Swali hilo linakaribia kufikisha miaka mia moja. Siku hizi hakuna haja ya mtu kukupigia simu aulize, kwa sababu simu yenyewe inajibu. Ingia kwenye mipangilio, bonyeza mara mbili tatu, na jibu hili hapa: jana saa sita na dakika kumi na mbili, TikTok ikiongoza, WhatsApp ya pili, na umeifungua simu mara 94. Watu huipiga picha ripoti hiyo, wakaiposti, wakacheka, wakaapa kubadilika, kisha wakarudi palepale. Tunaichukulia kama kipimajoto: namba ikiwa juu, basi mimi ni mgonjwa.

Lakini namba hiyo ina ukoo wake. Ukifuata ukoo huo hadi mwanzo utaona kwamba hesabu ya aina hii haikuanza kwa faida ya anayehesabiwa. Utaona pia kwamba palikuwa na njia nyingine ya kuhesabu siku, na kwamba sisi wa huku tulikuwa na zetu.

Sanduku lililoisikiliza redio

Njia ya Crossley ilikuwa na kasoro mbili za wazi. Kwanza, aliwafikia wenye simu pekee, na mwaka huo, uchumi ukiwa umeanza kuporomoka, mwenye simu nyumbani hakuwa mtu wa kawaida. Pili, watu husahau. Muulize mtu alikula nini jana mchana, atakujibu. Muulize redio ilikuwa inasema nini saa nne asubuhi alipokuwa akifua, ataanza kubahatisha. Na wengine hawabahatishi, wanajipamba tu: wanataja taarifa ya habari na kuuficha mchezo wa mapenzi.

Ndipo ikaonekana heri mtu aondolewe katikati. Katika chuo cha MIT, Robert Elder na Louis Woodruff walitengeneza kifaa kilichofungwa kwenye redio ya nyumbani, nacho kikaandika chenyewe redio imewashwa saa ngapi na iko kwenye stesheni gani. Mwaka 1936 Arthur C. Nielsen akakinunua. Kiliitwa Audimeter, na kufikia 1942 kampuni ya Nielsen ilikuwa inauza takwimu zake. Mwaka 1950 ikaanza kupima televisheni pia.

Audimeter haikusahau wala haikuona haya. Ila ilikuwa na upofu wake. Ilijua redio imewashwa, haikujua kama kuna mtu chumbani. Mwenye nyumba angeweza kwenda dukani, paka akabaki peke yake sebuleni, na mashine ikaandika kwamba nyumba hii inasikiliza. Au mtu awe anapika, huku ananyonyesha, huku anajibizana na jirani dirishani, redio ikiwa kelele tu ya nyuma. Kwa mashine, yote hayo yalikuwa kitu kimoja. Tuuweke upofu huo akilini, maana tutakutana nao tena ukiwa mfukoni mwetu.

Tarehe 12 ya kila mwezi

Wakati Nielsen anashughulika na sanduku lake, Uingereza kulikuwa na vijana watatu wenye wazo tofauti kabisa. Charles Madge alikuwa mshairi na mwandishi wa habari, Humphrey Jennings mtengenezaji wa filamu, na Tom Harrisson alijiita mwanaanthropolojia. Mwaka 1937 walianzisha mradi wa Mass-Observation. Waliwaomba watu wa kawaida wajitolee: tarehe 12 ya kila mwezi, andika kila unachofanya, tangu unapoamka hadi unapolala, kisha ututumie.

Tarehe moja kati ya hizo ikaangukia Mei 12, 1937, siku ambayo Mfalme George wa Sita alivikwa taji, na BBC ikaitangaza sherehe hiyo moja kwa moja. Magazeti yalijaa msafara na umati. Shajara zilikuwa na watu: mmoja mmoja, kila mtu na siku yake, redio ikiwa ndani ya siku hiyo pamoja na chai, kazi na majirani. Mwaka huohuo zilikusanywa zikawa kitabu. Makaratasi ya mradi huo bado yapo, chini ya Chuo Kikuu cha Sussex, na wanahistoria huenda kuyasoma hadi leo.

Tofauti kati ya shajara hizo na Audimeter haiko kwenye usahihi. Mashine ilikuwa sahihi zaidi kwa dakika. Tofauti ni nani anayeamua kipi ni cha kuandikwa. Mwandishi wa shajara angeweza kusema: redio ilikuwa inalia lakini nilikuwa nawaza kodi ya nyumba. Sanduku lisingeweza kuandika sentensi hiyo.

Biashara nayo ikaiona nguvu ya daftari. Mwaka 1949 James Seiler alianzisha shirika lililokuja kujulikana kama Arbitron, na familia zikagawiwa vijitabu vya kujaza walichotazama au kusikiliza. Lakini vijitabu vilikuja na safu zilizokwisha kupigwa mistari: saa, stesheni, nani yupo chumbani. Safu ya "nilikuwa nawaza nini" haikuwepo, kwa sababu hakuna mtangazaji wa sabuni aliyeihitaji. Hata BBC, ambayo haikuwa na matangazo ya kuuza, ilianza utafiti wa wasikilizaji mwaka 1936 chini ya Robert Silvey, na kuanzia 1939 mamia ya watu waliulizwa kila siku swali lilelile la Crossley: jana ulisikiliza nini?

Mawe ya redio

Huku kwetu hadithi ilichukua njia yake. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alianza kuhesabika kuwa msikilizaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipotaka familia za askari zipate habari za vita kwa namna iliyoitaka yenyewe. Televisheni ikafika 1962, na mwaka 1964 shirika likapewa jina ambalo wazazi wetu bado wanalitaja bila kufikiri: Sauti ya Kenya, VOK.

Jaribu kumuuliza mtu aliyekulia enzi hizo alikuwa anasikiliza redio saa ngapi kwa siku. Atakutazama kama umeuliza alikuwa anapumua mara ngapi. Muda haukuhesabiwa namna hiyo. Stesheni ndiyo ilikuwa saa ya nyumba. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilimaanisha chakula kiko karibu. Taarifa ya saa moja usiku ilimaanisha watoto mnyamaze, mzee anasikiliza. Leonard Mambo Mbotela alipoanza kuuliza *Je, Huu ni Ungwana?* mwaka 1966, kipindi hicho hakikumsubiri mtu amalize kazi. Mtu ndiye aliyemaliza kazi akakiwahi. Televisheni nayo usiku ilipiga wimbo wa taifa, ikafunga. Ukitaka kuendelea kutazama, ulitazama chengachenga.

Na kulikuwa na kipimo kingine, cha mkononi kabisa: mawe ya redio. Betri hazikuwa bure. Nyumba nyingi zilikuwa na redio moja, na mwenye redio alijua ni nini kinastahili kuliwa na mawe. Taarifa ya habari, ndiyo. Mpira, ndiyo. Muziki wa mchana kutwa, hapana, zima hiyo redio unamaliza mawe. Yakidhoofika yaliwekwa juani yapate nguvu kidogo, na bado yakishindwa, siku ya habari ya nyumba hiyo ilikuwa imekwisha hadi pesa ipatikane.

Hata wapenzi wa salamu, wale waliojulikana nchi nzima kwa majina ya kujipachika, walikuwa na hesabu yao. Uliandika kadi, ukaituma kwa posta, kisha ukakaa karibu na redio siku baada ya siku ukisubiri jina lako litajwe. Ukimuuliza mtu huyo jana alisikiliza nini, angekupa jibu kamili: nani alimsalimu nani, na wimbo gani ulifuata.

Tusiipake enzi hiyo sukari, lakini. Siku ilikuwa na mipaka kwa sababu stesheni ilikuwa moja na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Jumapili ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, mahali pa kwanza kukimbilia palikuwa studio za VOK. Mbotela alichukuliwa kwa nguvu akasomeshwa tangazo kwamba serikali imeangushwa. Siku haikwisha kabla ya jeshi tiifu kuirudisha studio mikononi mwa serikali, na sauti ileile ikatangaza kinyume. Waulize wazazi wako kuhusu siku hiyo. Wengi hawatakuambia waliona nini. Watakuambia walisikia nini, wakiwa wapi, na nani aliwaambia wafunge mlango. Kwa siku moja, taifa zima lilikumbuka jibu la swali la Crossley.

Bob moja kwa dakika

Miaka ya 1990 ufunguo ule ukaanza kugawanywa. KTN ilianza 1990, Capital FM 1996, na baada ya hapo FM zikamea kama uyoga, kila lugha na yake. Matatu zikawa redio zinazotembea. Watafiti wa soko wakaingia kazini: jina Steadman likazoeleka masikioni, na Mkenya naye sasa akaulizwa jana alisikiliza stesheni gani, ili mwenye stesheni aende kwa mtangazaji akiwa na namba mkononi.

Sisi wenyewe, wakati huo, tulikuwa tunahesabu kwa shilingi. Mtu aliyeingia saiba mwanzoni mwa miaka ya 2000 anaijua saa ile ndogo kwenye pembe ya skrini, ikisonga bila huruma, bob moja kwa dakika katika sehemu nyingi za mjini. Uliingia na mpango. Barua pepe uliiandika kwenye karatasi kwanza, ukaja kuichapa tu. Ukurasa ukichelewa kufunguka moyo ulikuuma, maana ulikuwa unalipia kusubiri. SMS ilikuwa na herufi 160, na tukajifunza kuzibana hadi Kiswahili kikabaki mifupa. Asiye na salio aliflashi tu: simu ilie mara moja, ikatwe, na ujumbe ufike bila senti kutoka.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikaongezeka kasi na bei ikaanza kushuka. Ikaja bando ya siku, bando ya saa, bando ya usiku inayokufanya uweke kengele saa tisa za usiku ili upakue filamu. Mwaka 2019 Safaricom ikaleta bando zisizoisha muda. Kisha waya wa WiFi ukaingia kwenye ploti, wapangaji wakachanga, na hesabu ya shilingi ikanyamaza kabisa.

Hapa ndipo mkasa ulipo, kwa maoni yangu. Kwa zaidi ya nusu karne, Mkenya hakuhitaji kufuatilia matumizi yake ya vyombo vya habari kwa sababu kila chombo kilikuja na ukingo wake. Mawe yaliisha. Stesheni ilifunga. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Saiba ilikuwa na bob kwa dakika. Kingo zote hizo ziliondoka ndani ya miaka kumi hivi, na hakuna aliyetutangazia kwamba kuanzia sasa kazi ya kuweka ukingo ni yako wewe, peke yako, saa sita usiku, ukiwa umechoka.

2018

Mwaka 2018 mambo mawili yalitokea. Nielsen iliviacha vile vijitabu vya karatasi vya kupima televisheni Marekani, baada ya miongo mingi. Na Apple na Google, kila moja kwa wakati wake mwaka huo, zikaweka ndani ya simu programu ya kukuonyesha umeitumia simu yako kwa muda gani. Daftari likazikwa, sanduku likahamia mfukoni.

Ripoti hiyo ya simu ina faida yake, sikatai. Mtu anayedhani ametumia nusu saa akiona saa tatu, amejua kitu. Lakini ni Audimeter ileile, na upofu uleule. Inajua kioo kimewaka. Haijui kama ulikuwa unasoma ujumbe wa msiba au video ya mtu anamwaga mchele. Na kila kisichopita kwenye kioo hakipo: redio ya matatu, televisheni ya kibanda cha chakula, spika ya duka la simu pale stendi.

Watafiti wa matumizi ya muda waliliona tatizo hili zamani. Alexander Szalai, msosholojia kutoka Hungaria, aliongoza katikati ya miaka ya 1960 utafiti wa shajara za siku moja katika nchi kumi na mbili. Shajara hizo ziliuliza swali dogo ambalo mashine haikuwahi kuuliza: na huku ukifanya hilo, ulikuwa unafanya nini kingine? Redio ikajitokeza nyuma ya kupika, kufua na kushona. Kwa Kenya swali hilo si la pembeni. Shirika la takwimu la KNBS lilipofanya utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda mwaka 2021, ilionekana wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa. Kwa hiyo saa mbili za simu za dada anayepika, anayebembeleza mtoto na kusikiliza mahubiri kwa sikio moja si saa mbili za kaka aliyelala kwenye kochi. Ripoti ya simu zitaziandika sawa.

Chukua na Juni 25, 2024. Siku hiyo vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Bunge likaingiliwa, watu wakauawa kwa risasi. Jioni intaneti ikayumba, na kampuni za simu zikaeleza kwamba ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Kabla ya hapo kwa majuma kadhaa mswada ulikuwa umechambuliwa TikTok kwa lugha za nyumbani, kifungu kwa kifungu, na mazungumzo kwenye X yalikesha. Sasa fikiria ripoti ya simu ya siku hiyo. Itakuwa imekuambia kwa rangi nyekundu kwamba umepita kiwango chako cha kila siku. Haina mahali pa kuandika kwamba ulikuwa unamtafuta mdogo wako aliyezima simu saa tisa. Agosti 1982 tunayo kwa kumbukumbu za wazazi. Juni 2024 yetu iko kwenye seva za watu wengine, imehesabiwa kwa dakika, bila sababu.

Safu ya nne

Kuna utafiti mmoja uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mjini Muncie, jimbo la Indiana, na Chuo Kikuu cha Ball State. Kundi moja la watu lilipigiwa simu na kuulizwa, kundi lingine likaandika shajara, na watu 101 wakafuatwa kutwa nzima na mtazamaji mwenye karatasi. Waliofuatwa walionekana kutumia vyombo vya habari zaidi ya mara mbili ya walivyosema waliopigiwa simu. Walioandika shajara ndio waliokuwa karibu zaidi na kile watazamaji walichokiona. Kwa maneno mengine, mtu akiulizwa hubahatisha, lakini mtu mwenye kalamu mkononi si mwongo sana.

Hicho ndicho kilichonifanya nijaribu. Nilichagua Jumatano isiyo na lolote, nikachukua daftari la shule, nikapiga safu nne: saa, nini, huku nikifanya nini, kwa nini. Sheria ilikuwa moja: kila sauti, picha au maandishi yanayonifikia kupitia chombo chochote yaingie, hata kama si mimi niliyeyawasha.

Saa kumi na mbili kasorobo, kengele ya simu. Dakika ishirini za status za WhatsApp kabla ya kukanyaga sakafu. Saa moja, matatu: mtangazaji anauliza kama mume anafaa kujua mshahara wa mkewe, gari zima linajibu. Saa saba, kibandani, televisheni ukutani imezimwa sauti, nasoma midomo ya waziri huku nala githeri. Saa kumi, video ya "dakika tano" iliyonipeleka mpaka saa kumi na moja kasoro. Saa moja usiku, taarifa ya habari ya jirani kupitia ukuta. Naijua milio yake kuliko jirani mwenyewe. Saa tatu, ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, dakika nne, nikausikiliza mara mbili. Saa tano hadi sita na nusu, TikTok, taa imezimwa.

Simu ilisema saa tano na dakika 18. Daftari lilisema zaidi ya saa tisa. Lakini tofauti hiyo haikunishughulisha kama ile safu ya nne. Katika mistari 31 niliyoandika siku hiyo, neno "sijui" lilikuwepo mara 14. Kwa nini nimefungua? Sijui. Ule ujumbe wa mama ulichukua dakika nane tu, na sababu yake ilijaza mistari mitatu hadi nikaishiwa nafasi. Zile dakika tisini za usiku zilikuwa na neno moja.

Hakuna programu itakayokupa safu hiyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuiuza. Mtangazaji anataka kujua ulikuwepo. Kwa nini ulikuwepo ni shauri lako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuiuliza kampuni data gani yako inayo, na ni haki nzuri, itumie. Ila hata wakikuletea faili zima, utapata saa na sekunde na mahali vidole vyako viligusa. Hutapata Jumatano yako.

Kwa hiyo jaribu siku moja. Si wiki, wala usifute chochote kwenye simu, wala usijiwekee nadhiri. Daftari la shule, safu nne, kuanzia unapoamka. Redio ya matatu iingie, televisheni ya kinyozi iingie, mahubiri ya spika ya kanisa la jirani yaingie. Usiku jumlisha ukitaka, lakini soma kwanza safu ya mwisho. Kisha liweke daftari pale unapoweka cheti cha kuzaliwa. Wale Waingereza wa 1937 waliandika mambo ya kawaida kabisa, na leo watu hupanda treni kwenda kuyasoma. Andika tarehe juu ya ukurasa, na mwaka pia. Kuna mtoto ambaye hajazaliwa bado atakuuliza siku moja watu wa 2024 na kuendelea walikuwa wanasikiliza nini, na ripoti ya simu hiyo itakuwa imefutika zamani.